Mtoto Anayeng'ata Wenzake Darasani: Hatua za Kumwelewa na Kumwongoza

Mtoto wa miaka 4 anapomng'ata mwenzake, mtu mzima humuuliza kwanza, "Kwa nini umefanya hivyo?", nalo ndilo swali asiloweza kulijibu, kwa kuwa uwezo wa kujizuia na wa kueleza yaliyomo moyoni bado unakua. Jibu inambidi mwalimu alitafute mwenyewe. Nitaeleza ninavyolitafuta, kwa kisa cha mtoto mmoja wa darasa langu la chekechea.

Hatua ya 1: Shughulikia tukio kwa maneno machache.
Mwendee aliyeumizwa kabla ya aliyeumiza. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Ikiwa ngozi imechanika, mzazi aarifiwe siku hiyohiyo na mtoto aonwe zahanati. Kisha chuchumaa mbele ya aliyeng'ata, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Kung'ata kunaumiza. Sikuruhusu ung'ate." Inatosha. Kumng'ata na yeye "ili aonje", kama wengine wanavyoshauri, ni kumfundisha kwamba mkubwa ana ruhusa ya kumng'ata mdogo.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuhukumu.
Chora safu tatu daftarini: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata; kila tukio liwe na saa yake. Usiandike "alikuwa mkorofi", bali "alisukumwa, akapoteza nafasi yake, akamng'ata mkono aliyekuwa mbele". Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mtoto huyu ana hasira tu, lakini daftari la siku 8 lilionyesha matukio 6, na 5 kati yake yalitokea karibu na saa nne, kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya uji. Safu ya tatu ndiyo iliyoniaibisha: kila mara msaidizi wangu, akitaka kuepusha fujo, alimtoa kwenye foleni na kumnawisha wa kwanza. Tulikuwa tukimlipa kwa kung'ata.

Hatua ya 3: Tafuta anachopata au anachokwepa.
Mara nyingi ni kitu anachokitaka, uangalizi wa mtu mzima, au njia ya kukimbia kazi inayomshinda. Hata hivyo, usisahau mwili: njaa, usingizi, au masikio yenye usaha yanayomfanya asisikie unachomwagiza. Mama yake alinieleza kwamba mtoto huondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni.

Hatua ya 4: Badili mazingira kabla ya kumbadili mtoto.
Tuliivunja foleni. Watoto watano watano walikwenda kunawa, wengine wakibaki mkekani wakiimba, na yeye akawa anakula kipande cha kiazi mara afikapo.

Hatua ya 5: Mfundishe tendo mbadala linalompa kilekile.
Hapa ndipo penye kazi. Tulichagua kuinua kiganja na kusema "Zamu yangu", tukakifanyia mazoezi kitendo hicho asubuhi, akiwa ametulia, kwa mchezo wa wanasesere, kwa sababu mtoto aliyekwisha kupandwa na hasira hafundishiki. Siku za mwanzo mwitikie papo hapo, hata kama wengine watangoja kidogo. Njia mpya isipomfikisha upesi kuliko ile ya zamani, atairudia ya zamani. Unapomsifu, taja alichofanya: "Umesema 'zamu yangu', ukangoja." "Mtoto mzuri" halimwelezi arudie nini.

Hatua ya 6: Jiandae kwa hali kuwa mbaya zaidi.
Malipo aliyozoea yakikoma, mtoto huweza kuongeza nguvu kwanza. Siku ya tatu aling'ata mara mbili, na msaidizi akataka turudi tulikotoka. Shikilieni mpango uleule, shuleni na nyumbani, bibi akiwamo. Ikiwa wiki kadhaa zinapita bila nafuu, au mtoto anajiumiza mwenyewe, au hana maneno ya umri wake, mshauri mzazi ampeleke kwa daktari wa watoto.

Wiki ya tano daftari lilikuwa na tukio moja tu, na lilitokea siku maji yalipokatika, tukabaki na ndoo moja na foleni moja.