Somo: Kupima umbo la chembe za rangi ya madini kwa hadubini

Wenzangu mnaosaga mawe mekundu ya Muko na kaolini (udongo mweupe) ya Mutaka, huku Uganda, wengi mnapima ukubwa wa chembe mnaishia hapo. Umbo nalo lipimwe, maana huchangia kuamua rangi itatiririka vipi kwenye brashi na ukuta utang'aa kiasi gani.

1. Tawanya chembe. Kazi yote iko hapa. Chota unga kwa ncha ya kijiti cha meno, utie kwenye maji yenye sodiamu heksametafosfeti kidogo (chumvi inayozuia chembe kushikana), utikise sana. Chembe kumi zikigandamana, programu ya kupimia picha inazihesabu kuwa moja nono, na hesabu yote imeharibika. Tone likionekana kama wingu jekundu, ongeza maji.

2. Dondoshea kwenye kioo, funika.

3. Piga picha ya chembe, kisha ya rula ya hadubini (ndiyo kipimo cha picha zako): milimita 1 iliyogawanywa mara 100, yaani mikroni 10 kila kigawe. Ukibadilisha lenzi, ipige upya.

4. Fungua picha ya chembe kwenye ImageJ (programu ya kupimia picha, ni ya bure), igeuze nyeusi na nyeupe, ondoa chembe zilizokatwa na ukingo. Pima uwiano wa urefu kwa upana, kisha uduara: 4π × eneo ÷ (mzingo × mzingo). Duara kamili ni 1, mraba ni 0.785. Fikisha chembe mia kadhaa, wala usichague zile nzuri. Chembe ya pikseli tatu nne itupe. Uduara wake hauaminiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kaolini yangu inatoa uwiano karibu na 1. Si husemwa ni bapa?*
Ni bapa, ndugu yangu, ila zimelala chali. Umepima uso, unene hujauona. Unene unataka hadubini ya elektroni: chembe hupuliziwa metali kwa mshazari, kisha urefu wa kivuli huzidishwa kwa tanjenti ya pembe ya mpulizo.

*Nimeweka kaolini kwenye mafuta ya lenzi ya 100, imepotea!*
Kipeo cha kupinda mwanga cha kaolini ni kama 1.56, cha mafuta 1.515; vikikaribiana hivyo, kingo lazima zififie. Rudi kwenye maji, 1.33.

*Nyekundu yangu ina sindano. Ni uchafu?*
Uliipata kwa kuchoma udongo wa njano? Gothaiti (madini ya chuma yanayoupa udongo rangi ya njano) mara nyingi huwa na chembe za sindano, na ikichomwa ikawa hematiti (madini mekundu ya chuma) mara nyingi hubaki na umbo lilelile. Pima na ya njano kabla ya kuchoma, utuwekee picha zote mbili.