Jinsi ya Kuitambua Rezolusheni Halisi ya Televisheni Janja Kabla ya Kuinunua

Ukiingia katika duka lolote la vifaa vya umeme katikati ya Kampala kutafuta televisheni janja, hutakaa muda mrefu kabla muuzaji hajakutajia 4K. Neno hilo linahesabu kitu kimoja tu. Picha ya televisheni huundwa na nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli, na rezolusheni ni idadi ya nukta hizo kwa upana na kwa kimo cha kioo. HD ya kawaida ina nukta 1280 kwa 720. Full HD ina 1920 kwa 1080, ambazo zinapita milioni 2 kidogo. 4K ina 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3, mara nne ya Full HD.

Anza kwa kukagua kioo chenyewe. Televisheni nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768, hata pale ambapo boksi limeandikwa kwamba zinakubali 4K. Maandishi hayo humaanisha kwamba televisheni inaweza kuipokea video ya 4K, lakini ikishaipokea huipunguza hadi itoshee katika nukta chache ilizo nazo. Mimi nilinaswa hivyo hivyo, nikabeba boksi langu hadi nyumbani nikiwa na furaha tele. Kwa hiyo usisome kibandiko cha mbele: tafuta upande wa boksi au katika kijitabu zile namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati, na zisipokuwepo, andika namba ya modeli katika simu yako ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela.

Jambo la pili ni chanzo cha picha, na hapa ndipo lawama nyingi huelekezwa pasipostahili. Filamu iliyotafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayeitafsiri filamu kwa sauti yake, ikanakiliwa na kunakiliwa tena hadi ikafika kwenye flashi yako ikiwa na MB 700 kwa saa mbili, imeshapoteza sehemu kubwa ya undani wake. Kioo cha 4K hakiwezi kuurudisha. Hukisia tu nukta zinazokosekana kwa kutazama zile za jirani, na matokeo yake ni nyuso laini kupita kiasi, kana kwamba kila mwigizaji amepakwa vaselini, huku majani ya miti yakigeuka uji wa kijani. Filamu hiyo hiyo kwenye kioo kidogo cha inchi 32 huonekana nadhifu zaidi.

Kwa wanaotazama kupitia intaneti, Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa HD, 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, na saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7. Anayeunganisha televisheni kwa hotspoti ya simu na bando la siku apige hesabu hiyo kabla ya kubonyeza rimoti. Kasi ikishuka, programu hupunguza ubora yenyewe ili video isikwame, kwa hiyo ukungu unaotokea usiku wakati watu wengi wako mtandaoni si ugonjwa wa televisheni. Katika YouTube, fungua mipangilio ya video inapocheza, kisha sehemu ya ubora: ikiwa namba ya juu kabisa ni 480, video ilipakiwa hivyo, na hakuna kioo kitakachoitibu.

Dekoda nayo iunganishwe kwa kebo ya HDMI. Zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hazibebi HD hata kidogo, ijapokuwa chaneli yenyewe inarushwa kwa HD. Ikiwa matokeo ya mpira yanakatwa kwenye kona ya kioo, badilisha ukubwa wa picha katika mipangilio, na upunguze kiwango cha ukali wa picha (sharpness), kwa sababu kikizidi huchora mistari myeupe kuzunguka herufi.

Mwisho, pima umbali kati ya kiti na ukuta. Jicho zima huacha kuzitenganisha nukta za kioo cha inchi 32 chenye 1366 kwa 768 kuanzia takriban mita 1.8, kwa inchi 55 ya Full HD ni kama mita 2.2, na kwa 4K ya ukubwa huo ungehitaji kusogea hadi karibu mita 1 ili kufaidi kila nukta uliyoilipia. Nilipopima sebule yangu kwa utepe wa fundi cherehani, nilipata mita 2.5 kutoka kochi hadi kwenye kioo. Ile inchi 32 ya kibandiko cha uongo bado iko pale pale ukutani.