Mtu akikwambia yeye ndo mrithi wa sultani, mpime hivi

Ukikaa sana baraza za Mji wa Kale hapa Mombasa, iko siku kati ya kahawa tungu na kashata utampata mzee (siku hizi hata vijana) akikwambia lau si siasa saa hii yeye angekuwa amekalia kiti. Usimcheke. Wala usimwamini mbio mbio.

Usianze na "wewe ni wa nani", manake nasaba atakuhesabia mpaka kahawa ipoe. Kwa Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, haikuwa lazima mtoto wa kwanza arithi, kiti kilikuwa cha mwenye nguvu na baadaye cha aliyekubaliwa na Mwingereza. Mwangalie Khalid bin Barghash, mtoto wa sultani kabisa, Agosti 1896 sultani Hamad bin Thuwaini alipokufa akaingia jumba la Unguja akajitangaza bila ruhusa ya balozi wa Uingereza, tarehe 27 wakampiga mizinga, vita dakika kama 40 tu ikaisha, jamaa akakimbilia kwa balozi wa Mjerumani. Akakalishwa Hamoud bin Mohammed ambaye babake hakuwahi kuwa sultani wa Unguja hata siku moja! Na Khalid ujue hakuishia mbali. Wajerumani walimpeleka Dar es Salaam, Waingereza wakamshika huko 1916, wakamhamisha mpaka Shelisheli na St Helena, mwisho wakamwachia akaishi hapa hapa Mombasa akafa 1927. Jirani ya babu zetu yule.

Sasa muulize, huyo unayemrithi alikalishwa au alijikalisha? Jamshid bin Abdullah alikalishwa Julai 1963, dola zikamtambua, Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Disemba, na uhuru wenyewe haujafika hata arubaini Januari 12 mapinduzi. Akapanda meli yake kuja Mombasa, serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka, akaishia Portsmouth, Uingereza, akaishi kimya miaka zaidi ya 50 mpaka Oman ikamruhusu kuhamia 2020. Amefariki Disemba 2024. Huyo alipinduliwa, si sawa na mtu anayedai tu, na wala hukumsikia kila siku akipiga kelele za kiti.

Halafu muulize kiti cha wapi. Akisema Mwambao, ati maili kumi za pwani bado za sultani, mwambie taratibu: bendera nyekundu ilipepea Fort Jesus kweli, lakini tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walitia sahihi Mwambao ukaingia Kenya. Sultani alikuwa bado yuko kitini wakati huo, kwa hivyo mrithi atadai nini?

Kumwita Seyyid, jina la heshima la masultani, haikugharimu kitu bana, mwite, ni adabu tu. Ila akitoa karatasi kuukuu ati hati ya shamba la sultani huko Kilifi na anakuuzia eka mbili kwa bei ya kirafiki, hapo tega sikio. Makubaliano yale yale ya 1963 yaliahidi hati za pwani zilizosajiliwa zitatambuliwa, sasa kama hati ni ya kweli itakuwa kwenye rejista. Lipa kahawa, yake pia, kisha uende ofisi ya ardhi ukafanye sachi, yaani wakuangalilie rejista, kabla hujatoa hata shilingi.