Jinsi ya kuandaa maonesho ya sanaa kwenye maduka ya mtaani kwenu hapa Moshi

Kama mko vijana wanne watano hivi, kuna anayechora na kuna mwenye simu inayotoa picha za maana, na mnataka kufanya kitu kuhusu maduka ya mtaani, yani kwa Mangi mwenye duka la rejareja, fundi cherehani wa barazani, kinyozi, mama wa nafaka, basi msianze na rangi. Anzeni na kununua. Mgeni akiingia na daftari anauliza duka lilianza lini na biashara inaendaje, Mangi anajua tu huyo ni wa TRA au wa manispaa, atakujibu kwa mkato mpaka uondoke mwenyewe. Kanunue sukari robo, kesho urudi ununue sabuni, jitambulishe unakaa wapi na ni mtoto wa nani, na ukipelekwa na mteja wake wa siku nyingi ndo safi zaidi.

Chagueni kipande kifupi, barabara moja ya Majengo au upande wa Mbuyuni pale. Maduka nane mpaka kumi yanatosha kabisa, msijitanue mpaka Kiboriloni halafu mshindwe.

Ruhusa: mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wajue mapema, afisa utamaduni wa manispaa mpelekeeni barua (Arusha mnaenda jiji, mengine ni yale yale). Ila ruhusa ambayo watu wanaisahau ni ya mwenye fremu, yani mwenye chumba cha duka! Mangi anaweza kukwambia pakeni tu wanangu, kumbe yeye ni mpangaji na ukuta sio wake, mwenye nyumba akitokea ni kesi. Na kama ukuta una rangi za kampuni ya simu au ya soda ulizeni kwanza walikubaliana nini, maana mara nyingi kuna makubaliano hapo.

Maongezi sasa. Msiende saa kumi na mbili jioni, hapo watu wamejaa dirishani wanataka unga na mafuta ya kupima. Nendeni saa nne, duka limepoa, mnakaa kwenye kreti ya soda mnapiga stori. Ukimwambia "tueleze historia ya duka lako" anakusomea hotuba, kwa hiyo uliza vitu vya kushikika: siku ya kwanza kabisa uliuza nini? Mtaji ulitoka wapi? Bidhaa gani ilikuwa inatoka sana na sasa hivi hamna anayeiulizia? Vifuko vya plastiki vilipopigwa marufuku Juni 2019 ulianza kufungia nini? Hilo la mwisho wengi hawajibu kwa mdomo, wanachukua karatasi wanakuonyesha, kidole gumba kinashika kona, karatasi inazungushwa, chini inakunjwa, sukari inamwagwa na juu inafungwa bila gundi wala nini. Picha ndo hiyo, piga mikono. Sura ikitazama kamera imekakamaa kama ya kitambulisho haina maisha.

Daftari la madeni msilipige picha hata likiwa wazi mezani. Mle kuna majina ya majirani zenu na wanachodaiwa, na tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ila hata isingekuwepo, mtaa mzima ukijua nani anadaiwa unga kilo mbili Mangi amepoteza wateja na nyie mmepoteza heshima.

Kuchora mimi ningechora milango ya chuma kuliko ukuta. Usiku na Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani maduka mengi yamefungwa, mtaa wote unakuwa na picha. Kwaruza kutu kwa msasa, osha, acha ikauke, paka praima ya chuma halafu rangi ya mafuta. Angalia mlango unakunjika wapi kabla hujachora, la sivyo uso wa mama wa watu unakatwa katikati na bawaba. Epukeni masika, kuanzia Machi mpaka Mei rangi haikauki vizuri. Na msidanganyike kwamba lazima rangi za bei mbaya, Edward Tingatinga kule Dar miaka ya 1960 alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi na dunia nzima inamjua. Kama mtaani kuna fundi wa kuandika mabango mchukueni, na mumlipe, asiambiwe habari za kujitolea.

Picha zitundikwe kwenye duka la mhusika, sio hotelini kwa watalii. Chora ramani kwa mkono, toa kopi steshenari, kila mtoto apewe karatasi ya kugongewa mhuri duka kwa duka. Mhuri wa duka hawatoi kirahisi (na wana haki, unagongwa kwenye risiti), kwa hiyo chongeni wenu kwa raba ya kandambili iliyochakaa, kila duka na alama yake: mizani, sindano, mkasi. Fungueni mwanzoni mwa Desemba kabla ya pilikapilika za Krismasi, halafu ziacheni mpaka Januari ili wanaorudi nyumbani kutoka Dar wazikute.

Mkimaliza, picha ni za mwenye duka, na rangi iliyobaki mwachieni kwenye kopo lenye kifuniko kizuri maana sehemu ya kwanza kubanduka ni pale kwenye kitasa.