Kazi ya fizikia: anza na dumu la mawese

Madogo wa fomu tu (kidato cha pili) wananiulizaga hili kila wiki, kazi ya fizikia inapigwaje hesabu, ngoja niliandike mara moja. Kwanza sahau jasho. Kazi ya fizikia haijali umechoka vipi, inaangalia nguvu (fosi) na kitu kimesogea umbali gani kwa upande ule ule wa hiyo nguvu.

Uko mwaloni Kibirizi, Kigoma, na dumu la mawese la lita 20. Mawese ni mepesi kuliko maji kwahiyo yatakuja kama kilo 18 hivi, plastiki yenyewe tuiache. Sasa kilo sio nguvu jamani! Hapa ndo maksi zinapotelea, mtu anachukua 18 anazidisha moja kwa moja. Zidisha kwanza kwa 10 ya mvutano wa dunia (kiukweli ni 9.8) upate nyutoni 180, hiyo ndo nguvu. Unalinyanyua taratibu mpaka kwenye keria ya baiskeli, sentimita 80, geuza iwe mita 0.8, afu nguvu mara umbali, 180 mara 0.8 ni jouli 144 za kazi. Basi.

Haya, baiskeli ina pancha, umejitwika dumu kichwani unatembea nalo tambarare mita 300. Nguvu yako ya kulibeba imefanya kazi kiasi gani? Sifuri. Shingo inauma na bado ni sifuri, maana unalisukuma juu wakati lenyewe linaenda mbele, hapo kuna nyuzi 90 na kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya 90 ni sifuri.

Ndo maana fomula nzima ni nguvu mara umbali mara kosaini ya pembe iliyo kati ya nguvu na mwendo. Unavuta mtumbwi mchangani kwa kamba, nyutoni 200, mita 10, kamba imeinuka nyuzi 60 (hakuna mvuvi anavuta hivyo, watunga maswali wanaipendea ile kosaini ya 0.5), unapata 200 × 10 × 0.5 = jouli 1000. Msuguano wa nyutoni 60 unarudisha nyuma, wenyewe kazi yake ni hasi, -600. Wakikuuliza jumla ni 400, wakikuuliza yako tu ni 1000, soma swali vizuri.

Na ukihakiki kwa kikokotoo cha simu kosaini ya 60 ikaja -0.95, usianze kurudia hesabu, kipo kwenye rediani hicho (kipimo kingine cha pembe), kirudishe kwenye digrii, yaani nyuzi.