Darasa lisiloezuliwa: mwongozo kwa kamati za ujenzi wa shule pwani

Pwani yetu haipigwi na vimbunga kila mwaka, na hapo ndipo penye hatari. Fundi anaweza kujenga madarasa ya hovyo maisha yake yote, lisiezuliwe hata moja, akaheshimika. Lakini Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, Aprili 2019, na Hidaya kikafika maeneo ya Mafia na Kilwa mwanzoni mwa Mei 2024. Mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Darasa likibomoka, mwenye uwezo humhamishia mwanawe mjini. Mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa mpunga hubaki nyumbani.

Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji inayosimamia mafundi wa hapo hapo, yenye fedha kidogo na michango ya nguvukazi. Hauchukui nafasi ya mhandisi wa halmashauri. Utakusaidia kujua cha kumuuliza, na cha kukataa saiti.

Kiwanja kwanza

Nendeni kiwanjani na wazee wakati wa bamvua, kisha mrudi baada ya mvua kubwa ya masika. Wazee wawaonyeshe maji yalikofika mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka. Pigeni kigingi, muhamishe alama hiyo kwa mpira wa maji wa kupimia usawa hadi kwenye pembe zote nne za jengo. Sakafu ikae angalau sentimita 60 juu ya alama.

Hesabu inayofuata ndiyo huamua kama kiwanja kinafaa. Njia ya kiti cha magurudumu hudai sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Sakafu ikiwa sentimita 60 juu ya ardhi, njia ni mita 7.2. Ikiwa sentimita 120, ni mita 14.4, pamoja na kituo cha kupumzikia katikati. Kifusi cha kuinua msingi nacho kinaongezeka maradufu. Mkifika huko, tafuteni mwinuko mwingine hata kama watoto watatembea dakika kumi zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka baharini au ukingoni mwa mto. Kwenye delta ya Rufiji, ambako kingo humomonyoka, sogeeni mbali zaidi. Mikoko iliyo mbele ya shule isikatwe hata kwa boriti za jengo lenyewe. Ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi. Minazi iwe mbali na paa kwa umbali usiopungua urefu wake.

Chumvi

Mchanga wa ufukweni ni wa bure, na ndiyo maana unaharibu shule nyingi. Chumvi yake hula nondo; kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege likapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa mrefu umefuata mstari wa nondo, kazi hiyo imeshaharibika, na plasta haitaiponya. Mchanga utoke mtoni au kwenye machimbo ya bara, na maji ya kuchanganyia yawe yanayonyweka. Maji ya kisima cha magadi nayo yakataliwe.

Kwa msingi na lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) tumieni saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3, mkipima kwa ndoo, si kwa sepetu. Hesabuni takribani mifuko 8 kwa mita moja ya ujazo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga ukiwa mbichi yapungue. Fundi atataka kuongeza maji ili zege liteleze. Hapo asimame mtu wa kamati. Nondo ifunikwe na zege sentimita 5 kwenye msingi na 4 kwenye lenta, ikiinuliwa kwa vipande vya zege. Mawe na vipande vya mbao havifai kazi hiyo. Zege limwagiliwe siku 14 likiwa limefunikwa magunia.

Paa

Hapa ndipo fedha nyingi ziende.

Upepo wa kilomita 120 kwa saa unaweza kuvuta paa kwenda juu kwa nguvu ya kama kilo 65 kwa kila mita ya mraba. Bati na mbao zake havifiki kilo 25. Kwa hiyo uzito wa paa haulishikilii. Linashikiliwa na vifungo tu, na kila kipande lazima kifungwe kwenye kilicho chini yake: bati kwenye papi (mbao zinazobeba bati), papi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi kwenye lenta, lenta kwenye msingi. Kifungo kimoja kikikosekana, vingine vyote ni gharama ya bure.

Kosa la kawaida kabisa ni hili: lenta inapita juu ya madirisha, kisha fundi anaongeza kozi tatu au nne za tofali ili kupata kimo, na kuweka mbao ya juu ya ukuta kwa misumari iliyogongwa kwenye udongo wa saruji. Upepo ukija, paa huondoka na kozi hizo zote, zikaangukia madawati. Dawa ni mkanda wa pili wa zege juu kabisa ya ukuta: nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20, ukizunguka jengo lote bila kukatika. Kwenye pembe zote, na pande mbili za kila mlango na dirisha, isimamishwe nondo ya milimita 12 kutoka msingini hadi ndani ya mkanda huo.

Kabla ya kumwaga zege la juu, pachikeni ukanda wa bati la chuma lenye zinki, upana wa sentimita 3, mahali kila kenchi itakapokaa. Uzungushwe chini ya nondo, ncha zote mbili zitokee juu, zipite juu ya mbao ya kenchi na kupigiliwa misumari mitano kila upande. Waya wa kufungia nondo si mbadala. Kwa hewa ya bahari huoza mapema, tena ndani ya dari usikoona.

Kenchi zikae kila mita 1.2. Papi ziwe kila sentimita 90 katikati ya paa na kila sentimita 60 kwenye kingo na mgongoni, maana upepo huanza kung'oa pembezoni. Bati liwe geji 28; geji 30 ni jembamba zaidi ingawa namba ni kubwa, na wauzaji wengine hufaidika na mkanganyiko huo. Tumieni skrubu zenye mpira, kila wimbi la bati kwenye kingo, na kwingineko mkiruka wimbi moja moja. Bati lisikatwe kwa grinda, kwani cheche huchoma zinki na kutu huanzia hapo.

Paa la pande nne lenye mteremko wa nyuzi 30 hustahimili upepo kuliko lile la pande mbili lililolala. Ukingo usitokeze nje zaidi ya sentimita 50. Kibaraza kiwe na paa lake pekee, lililo chini ya paa kubwa, ili likiondoka liondoke peke yake.

Fedha zikipungua, jengeni darasa moja badala ya mawili. Msipunguze nondo.

Hewa

Urefu wa jengo uelekee mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na jioni halitaingia, na upepo wa kaskazi na wa kusi utapita. Kila dirisha liwe na shata ya mbao yenye komeo la ndani: upande wa upepo ukibaki wazi wakati wa dhoruba, hewa hujaa ndani na kusukuma paa juu huku upepo wa nje ukilivuta. Milango iwe miwili, ifunguke kwenda nje.

Maji na vyoo

Paa la madarasa mawili, tuseme mita za mraba 180, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hukusanya karibu lita 130,000 baada ya upotevu. Tangi la lita 10,000 hujaa kwa milimita 70 tu, na huwanywesha wanafunzi 90 siku 55 kwa lita 2 kila mmoja. Lita 90 za kwanza za kila mvua zimwagwe. Lifungeni tangi kwenye kitako chake, kwani likiwa tupu huruka.

Tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Maji ya ardhini yakiwa karibu, msichimbe shimo. Jengeni chemba ya zege juu ya ardhi, mita 30 kutoka kisimani.

Wakati wa maafa

Shule itageuka kimbilio mtake msitake. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo darasa la mita 7 kwa 9 ni la watu 18, si 45 wanaoketi humo kwa masomo. Andikianeni mapema na serikali ya kijiji vyumba vipi vitatumika na vipi vitabaki vya masomo. Madaftari ya mahudhurio na vitabu vikae kwenye rafu iliyo juu ya mita 1.2.

Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, mtu apande juu. Skrubu iliyolegea isikazwe tu kwenye tundu lile lile: iwekwe nene zaidi, au ihamishiwe wimbi la pili na tundu la zamani lizibwe.