Kutafuta na kuziba mvujo wa oili ya pawa stelingi kwenye Land Cruiser ya 1HZ

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, anayeendesha watalii, alinipigia simu akiwa Karatu. "Shikamoo mjomba. Stelingi imekuwa nzito na inalia, nimeongeza oili mara mbili tangu geti la Naabi, Serengeti." Fundi aliyempata pale alishamwambia anunue pampu. Nikamwomba asinunue kitu chochote mpaka aoshe gari kwanza. Tulipomaliza, pampu ilionekana nzima kabisa. Kilichokuwa kinavuja ni sili ya shafti ya pitimani, yaani mpira unaozuia oili pale shafti inapotoka kwenye stelingi boksi kwenda kwenye mkono (pitimani) unaosukuma magurudumu. Naandika hapa nilivyomwelekeza, kwa sababu kazi hii hii iliwahi kunila siku mbili.

Ninayoyaeleza ni ya Land Cruiser za 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ. Nissan Patrol na gari nyingine zenye stelingi boksi kwenye chesisi hazitofautiani sana. Gari la reki, lisilo na stelingi boksi, lina mambo yake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni oili ya stelingi

Tandika katoni safi chini ya gari usiku kucha. Stelingi ya gari hizi inatumia ATF (oili ya giaboksi otomatiki), Dexron II au III, nyekundu ikiwa mpya na ya kahawia ikichoka. Maji ya rejeta ya Toyota nayo ni mekundu na yanawachanganya wengi. Sugua tone kati ya vidole: ATF inateleza na kubaki, maji ya rejeta yanalowesha tu na yana harufu tamutamu.

Hatua ya 2: Osha

Fungua bamba la kukinga chini. Piga brashi na mafuta ya taa kuanzia tangi la oili, pampu, paipu zote, hadi stelingi boksi na pitimani, kisha sabuni na maji, kisha kausha. Alternata ifunike kwa nailoni.

Usiruke hatua hii. Kwenye rafu rodi vumbi linashikana na oili mpaka linakuwa tope gumu, na upepo wa mwendo unasukuma oili nyuma. Utakuta boksi zima limelowa, kumbe klipu ya paipu ya juu ndiyo imelegea.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo

Jaza oili hadi alama. Nyunyizia poda ya mtoto kwenye viungo vyote vya paipu, chini ya pampu na kuzunguka shafti ya pitimani. Mtu wa pili awashe gari, asikanyage mafuta, azungushe usukani taratibu upande hadi upande kwa dakika tano. Wewe mulika kwa tochi. Poda kavu ni nyeupe. Oili ikitoka inachora mstari mwekundu, na mstari huo unaufuata kwenda juu mpaka pale unapoanzia. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo unayoitafuta.

Usipapase paipu ya presha kwa mkono injini ikiwa inawaka. Usukani ukifika mwisho presha inapita bar 70, na oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo inapenya ngozi. Ukichomwa nenda hospitali siku ile ile, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Kama oili inapungua na nje ni pakavu kabisa, angalia dipstiki ya injini. Pampu ya 1HZ inaendeshwa kwa gia, haina mkanda, kwa hiyo sili yake ya mbele ikichoka ATF inaingia ndani ya injini. Kiwango cha oili ya injini kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza, usiendeshe tena. Badilisha sili ya pampu na umwage oili ya injini.

Hatua ya 4: Kama ni paipu

Paipu ya kurudishia oili: ikate pale ilipopasuka kama urefu unatosha, au weka paipu mpya ya kupitisha oili, na klipu mpya. Paipu ya presha usiiunge wala kuifunga kwa mpira, nunua nzima. Washa za shaba kwenye boliti ya kiungo ziwe mpya. Usizungushie tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye nyuzi, maana kinachoziba si nyuzi, na vipande vya tepu vitaingia kwenye valvu.

Hatua ya 5: Kama ni sili ya shafti ya pitimani

Nyoosha magurudumu. Piga alama kwa patasi kwenye mkono wa pitimani na kwenye shafti, zielekeane. Legeza nati lakini uiache kwenye nyuzi chache, ili mkono ukichomoka usikurukie. Tumia pula, kifaa cha kuvuta mkono utoke kwenye shafti. Sitaki kabisa nyundo kwenye ncha ya shafti, maana kipigo kinaishia kwenye meno na beringi za ndani. Moto wa gesi nao siutaki.

Kabla ya kugusa sili, shika shafti uitikise kwa pembeni. Ikicheza, beringi zimekwisha na sili mpya haitamaliza mwezi. Boksi lifunguliwe lote.

Toa kifuniko cha vumbi na klipu ya ndani, ukipiga picha kila kipande kinapotoka. Sili ichomoe kwa ndoano bila kukwaruza nyumba yake.

Hapa ndipo nilipopoteza siku zangu mbili. Nilifunga sili mpya jioni, asubuhi nikashika njia ya Natron, na kufika Engaruka pitimani ilikuwa inadondosha. Nikarudi, nikafunga nyingine, ikavuja vile vile. Mara ya tatu ndipo nilipofuta shafti na kupitisha ukucha: ukanasa. Vumbi lililoingia kupitia kifuniko kilichopasuka lilikuwa limekata mfereji mwembamba mahali mdomo wa sili unapokaa. Nikageuza zile sili mbili nilizozitoa nikaona mdomo wa moja umechanwa pia. Niliisukuma juu ya meno ya shafti bila kuyafunika.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Shafti naisugua kwa msasa namba 1000 uliolowa ATF, kwa kuizunguka, kamwe si kwa urefu. Nafuta mpaka kitambaa kitoke safi. Ukucha ukiendelea kunasa, natazama kama nyumba inaruhusu sili ikae milimita moja juu au chini, ili mdomo upate chuma kizima. Isiporuhusu, shafti inabadilishwa. Meno nayazungushia selotepu nyembamba na kuipaka ATF, sili inapita, kisha selotepu inatoka. Upande wenye springi unaelekea kwenye oili. Naigonga kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili yenyewe, kidogo kidogo kuzunguka, isikae mshazari.

Sili yenyewe iwe ya stelingi. Dukani watakupimia sili ya kawaida yenye vipimo vile vile kwa bei nusu, nayo haikutengenezwa kwa presha hii. Na kifuniko cha vumbi kipya usikisahau.

Nati ikazwe kwa tokirenchi kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Hatua ya 6: Toa hewa

Pandisha mbele kwa jeki na stendi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 20 ukiongeza oili. Washa, rudia taratibu, usishikilie mwisho zaidi ya sekunde tano. Ukiona povu kwenye oili, zima injini na ungoje nusu saa. Likirudi kila mara na nje ni pakavu, klipu ya paipu inayoingia kwenye pampu inavuta hewa.

Usitie dawa ya kuzuia mvujo, na usikubali mtu akuwekee oili ya breki ili "sili zivimbe". Zinavimba kweli, halafu zinalainika na kuoza, paipu nazo zinafuata.

Nyunyizia poda tena, uendeshe kilomita 20. Kijana aliendesha mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kurudi Karatu, akanitumia picha ya pitimani. Poda ilikuwa imeingia vumbi jekundu la barabarani, lakini ilikuwa kavu.